Ledi Marjeri Azikwa Kiogoro

Ledi Marjeri Thornholt, binti wa lodi mmoja wa Uingereza, alifariki mwaka wa 1609, na mimi nimemzika mara kumi na tisa hapa Borabu. Mara ya ishirini nilimzika Kiogoro. Hiyo ya ishirini ndiyo inayonifanya siku hizi nikitumwa sukari nipitie nyuma ya zizi la jirani, nisikutane na watu.

Nieleze taratibu, maana nikiharakisha nitaanza kuongeza chumvi.

Nilizaliwa Nyansiongo wakati mashamba yote ya huku yalikuwa ya Wazungu. Baba alikuwa mkamuaji wa Mzungu mmoja mwenye shingo nyekundu kama jogoo. Mwaka wa 1963 Mzungu huyo alipofungasha kwenda kwao, aliacha nyuma ya jikoni rundo la vitu asivyovitaka. Wenzangu walikimbilia sufuria na viatu. Mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nilichukua kitabu kinene kuliko vyote, nikidhani unene ndio utamu. Kumbe kilikuwa kitabu cha ukoo wao, habari za mama mmoja wa kale aliyewazaa wote, Ledi Marjeri. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi kuukuu ya Kiingereza, neno baada ya neno, kwa miaka saba. Kurasa za mwisho za kamusi zililiwa na ndama, na nawaapia, ndama yule alipokua alikataa kuitikia akiitwa kwa Ekegusii, lugha yetu.

Mama huyo alikuwa na maisha. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa. Kwao zamani hizo, mtoto wa tajiri akifiwa na baba, serikali ya malkia ilimuuza kwa mkubwa mwingine amlee na kumwoza apendavyo. Marjeri akanunuliwa na lodi jirani, yeye na mashamba yake, na alipofika miaka kumi na minne akaozwa kijana wa lodi huyo, Sa Rafe, Sa ikiwa cheo chao, mtu wa mbwa na farasi, mwepesi wa mkono. Alizaa watoto kumi na mmoja, akazika sita. Mumewe alipofungwa London kwa sababu ya dini, yeye ndiye aliyeshika funguo za nyumba ya vyumba hamsini kwa miaka kumi na minane. Alitibu wapangaji wake kwa mitishamba. Alipanda bustani ya matufaha. Askari wa malkia walipokuja kumtafuta padri aliyefichwa ndani ya bomba la moshi, alisimama mlangoni, funguo zikimning'inia kiunoni, akawaambia wafute viatu kwanza. Na alikuwa na kaka, Edmundi, ambaye alimwandikia barua arobaini. Kaka alijibu mbili.

Sasa, mimi nilikuwa karani wa kituo cha majani chai kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu mwenye kalamu kijijini huombwa kila kitu, na mimi niliombwa kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa mbele ya jeneza. Shida ya marehemu wengi ni kwamba waliishi tu. Walipanda, walivuna, waliugua. Nitaandika nini? Basi Ledi Marjeri akawa ananisaidia. Mzee mmoja ambaye sifa yake pekee ilikuwa kulala, nilimpa bustani ya matunda aliyoipanda ujanani kwa mikono yake. Mjane alilia mpaka naye akaikumbuka. Mama mmoja nilimpa askari wa mlangoni, nikawavika sare za chifu. Mwingine alipata mitishamba. Watu walisema wasifu wa Mokua humfanya marehemu ajute kufa. Nami nilicheka. Sikuona nimemkosea nani.

Ndipo Juni iliyopita akafa dada yangu mkubwa, Drusilla, aliyeolewa Kiogoro.

Linet, binti yake, ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi.

"Anko, pole."

"Pole nawe, mwanangu. Mama amepumzika."

"Tunazika Alhamisi. Wasifu ni wewe utaandika, hakuna mwingine. Sisi watoto tunajua kuanzia pale alituzaa. Kabla ya hapo hatujui kitu. Ukimuuliza alikuwa anasema, 'Nilikuja nikawazaa, inatosha.' Baba naye alishatangulia, sasa umebaki wewe tu."

"Niachie mimi," nikasema.

Niliketi mezani, nikaandika: Drusilla Nyakerario alizaliwa Nyansiongo mwaka wa 1949. Kalamu ikasimama. Nililolijua halikuandikika. Na mengine yaliyoandikika sikuyajua. Hapo Ledi Marjeri akaingia kama alivyozoea, bila kubisha.

Niliandika kurasa nane. Drusilla alijifundisha kusoma kwa vitabu vya Mzungu. Drusilla alitibu ndama na watu kwa majani. Drusilla alisimama langoni askari walipokuja kuchukua ng'ombe wa baba, akawaambia wafute viatu. Drusilla alimchagua mwenyewe kijana Nyakundi, kwa mapenzi. Nikamalizia: Na ingawa aliolewa mbali, hakusahau kwao, alimwandikia mdogo wake barua ambazo yeye amezihifadhi hadi leo. Hiyo sentensi ya mwisho hata sikuihitaji. Ilikuja yenyewe kwa sababu ilisikika vizuri.

Kijana wa bodaboda akampelekea Linet karatasi Kisii. Jumanne jioni simu ikalia. Linet alikuwa analia.

"Anko, tumechapisha nakala mia tatu. Nimesoma mpaka macho yamevimba. Kumbe mama alijua kusoma!"

Nilihamisha simu sikio la pili.

"Nikiwa darasa la saba nilimwambia mbele ya wageni, 'Wewe mama hujui hata A.' Mbele ya wageni, Anko. Nilimpa barua ya shule akasema macho yake mabovu, na mimi nikamwambia hivyo. Alinyamaza tu, akaenda kutia maji kwa chai. Sasa kwa nini alinyamaza kama alijua?"

"Linet..."

"Zile barua uje nazo. Hata kama ni moja. Nataka kuisoma pale mbele ya jeneza, nimwombe msamaha kwa maneno yake mwenyewe. Utakuja nazo?"

Mtu mwenye haya angesema hapo hapo. Simu haikuwa nzito na ulimi wangu ulikuwa mzima.

"Nitazitafuta," nikasema.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, mke wangu Ruth alipotoka kwenda kwa jirani, nilichemsha chai ya rangi, sufuria nzima. Karani wa chai hushindwa na mengi, lakini rangi ya chai anaijua. Nilichana karatasi za daftari, nikazilowesha moja moja mpaka zikawa za 1975, nikazianika juani juu ya gunia kando ya mahindi. Ya kwanza ilipokauka nikaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikayumba vizuri kama za mtu asiyezoea. Mbele yangu niliweka kitabu, barua ya tisa ya Ledi Marjeri kwa Edmundi.

Barua hiyo huwa naipita. Katika mazishi yote kumi na tisa sikuwahi kuigusa. Ni ya mwaka wa pili wa ndoa yake, alipotoroka kwa Sa Rafe wakati wa baridi akaenda kwa kaka. Edmundi alimpa moto na nyama, na asubuhi akampandisha farasi akamrudisha. Marjeri anamwandikia: Sikuombi unitoe huku. Nakuomba uje tu, nikuone umesimama mlangoni.

Niliandika, Kwa ndugu yangu Mokua, nilitoka kwa Nyakundi kwa sababu ya mkono wake. Kalamu ikakataa. Hii ni kalamu iliyoandika mambo ambayo hata punda angecheka, na haijawahi kunikataa.

Nikasikia nyayo.

"Baba Valentine, siku hizi unaanika karatasi? Mahindi yamekwisha?"

"Ni kazi ya mazishi."

Ruth akaokota moja, akainusa. "Inanuka chai."

"Ni za zamani."

"Za zamani na bado zinadondoka maji?" Akachukua ile niliyoiandika, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Alisoma mstari ule mmoja kwa muda mrefu. "Drusilla hakujua kuandika. Siku ile tulikutana kwa harusi ya mwanawe Ochoki aliniomba nimwonyeshe choo cha wanawake ni kipi, maana kilikuwa kimeandikwa tu mlangoni."

"Ni ya kumfurahisha Linet."

Akaketi juu ya ndoo. Alikuwa na hasira, lakini haikuwa ya karatasi.

"Kama unajua kumwandikia barua, mwandikie ile angeniandikia mimi. Miaka hamsini na tatu, Mokua. Mimi ni wa ng'ombe zake. Dada wengine wanaingia jikoni kwa mke wa ndugu yao, wanafunua sufuria, wanabeba kuku, na huwezi kusema kitu. Huyu hakuja kuniomba hata chumvi. Nikimkuta kwa harusi ananisalimia kama mtu wa kanisa lingine. Nilimkosea nini?"

"Sijui," nikasema.

Katika maisha yangu nimesema uongo mrefu wa kila aina. Huo mfupi ndio uliobaki kooni.

Maana nilijua. Kwetu wakati ule kijana hakuoa kwa jasho lake. Alioa kwa ng'ombe wa dada yake. Drusilla aliozwa kwa Nyakundi akiwa na miaka kumi na sita, hakumchagua mtu yeyote, na ng'ombe wake kumi wakakaa kwetu wakiningoja mimi. Mwaka wa 1971 walikwenda Tabaka, kwa baba yake Ruth, nami nikaletewa Ruth. Miezi minne baadaye, asubuhi, Ruth akiwa ameenda kuchuma majani chai, Drusilla akatokea kwenye kijia. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho moja limefunga, na Ochoki, kifungua mimba wake, mgongoni. Alisema, "Nimerudi."

Baba alinigeukia mimi. "Mokua, ng'ombe wako wapi?"

Nikaelewa. Drusilla akibaki, Nyakundi atakuja kuchukua ng'ombe wake. Ng'ombe wako Tabaka. Kwa hiyo, ama dada arudi, ama mke arudi. Sikumwacha hata aketi. Nilimshika mkono tukatembea, tukapita Keroka, kutwa nzima, mpaka Kiogoro. Na kwenye lango la Nyakundi nikamwambia, ili yule mume asikie na aridhike: "Usije tena kwetu bila mume wako."

Nyakundi hakupenda safari. Drusilla naye alikuwa mtu wa kushika neno.

Alhamisi tulikuwa Kiogoro mapema. Hema tatu, kwaya ya Wasabato kwa sare za bluu, nakala mia tatu zikitumika kama vipepeo vya kujipepea. Watu walinipungia mkono kwa mbali. Mzee mmoja akaniambia, "Mokua, nimefika ukurasa wa tatu, hao askari umewatoa wapi?" akacheka, akanipiga bega.

Linet alikuja moja kwa moja. Kitambaa cheusi kichwani, mkono umenyooshwa, kiganja juu.

"Umezileta?"

Zilikuwa ndani ya koti langu. Tatu. Moja yenye mstari mmoja na mbili tupu. Mpaka tunashuka kwenye gari nilikuwa najiambia zile mbili naweza kuzijaza nikiwa chooni.

"Nitazungumza kwanza," nikasema.

Mzee wa kanisa akaniita kama ndugu wa marehemu. Nilikwenda kwenye kipaza sauti. Jeneza lilikuwa hapo, hatua tatu. Linet upande huu, Ochoki mwenye mvi upande ule, Ruth kwenye safu ya mbele, mkoba wake juu ya kiti changu ili kisichukuliwe.

"Barua hazipo," nikasema. "Dada yangu hakujua kusoma wala kuandika."

Wakacheka. Walidhani ndivyo ninavyoanza.

"Hao askari ni wa malkia wa Uingereza. Mitishamba, vitabu, kila kitu kutoka ukurasa wa pili mpaka wa nane ni cha Mzungu mmoja, mwanamke, aliyekufa miaka mia nne iliyopita. Nimekitoa kwa kitabu."

Wakacheka zaidi. "Tupe, Mokua!" mtu akapaza sauti kutoka hema la nyuma. Mtu akizoea kudanganya, hata siku ya kusema kweli anapigiwa makofi.

Basi nikaacha kuwatazama. Nilitazama jeneza nikaeleza asubuhi ile ya 1971, tangu kijia mpaka lango. Nilitaja mdomo. Nilitaja swali la baba na nilitaja Tabaka. Sijui kicheko kilikoma wapi. Nilipofika kwenye maneno niliyomwambia langoni, nilisikia bati la jikoni likilia kwa joto la jua.

Linet hakulia. Alikuwa anahesabu.

"Ochoki alikuwa mgongoni," akasema. Hakuwa na kipaza sauti lakini kila mtu alisikia. "Mimi nilizaliwa mwaka wa sabini na tatu."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo kama hungemrudisha, mimi sipo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu kwanza." Akavuta pumzi. "Nilimwambia hajui hata A, na alikuwa hajui kweli. Wewe ulinipa siku mbili za kufikiri alijua akanisamehe kimya kimya. Unajua hizo siku mbili zilikuwa nini kwangu?"

Nilisema najua. Akasema sijui. Akawa na haki.

"Njiani alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mama. Kutwa nzima mlitembea. Alisema nini?"

Hapo nilitamani sana Ledi Marjeri. Yeye angesema kitu kikubwa.

"Kabla ya Keroka kuna kijito. Alitaka kunawa uso. Aliniuliza kama damu bado inaonekana, nikasema haionekani. Ilionekana. Halafu akasema..." Nilimtazama Ruth, na nilijua nikimaliza sentensi hii sitaweza kurudi nyuma. "Akasema, 'Usimwambie Ruth nilikuja. Bado ni mgeni. Akijua ng'ombe zake zinamliza nani, hatakula kwako.' Nilimbeba Ochoki kutoka hapo. Hakusema kingine."

Ruth aliinuka. Ana magoti mabaya, huinuka kwa vituo, na watu wote walingoja vituo vile viishe. Aliuchukua mkoba wake juu ya kiti changu. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akafika kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya kioo kilichoonyesha uso wa Drusilla, akasema kitu kwa Ekegusii, polepole, ambacho sikukisikia na sikuwa na haki ya kukisikia. Kisha hakurudi kwenye safu yetu. Ochoki alimpisha, akaketi katikati ya watoto wa Drusilla. Kiti changu kikabaki na kingine kitupu kando yake.

Nilitaka kushuka. Linet akanizuia kwa mkono.

"Bado. Wasifu haujasomwa." Aliwageukia vijana waliokuwa wakiwakaribisha wageni. "Hizo karatasi zikusanyeni zote." Wakaanza kupita katikati ya viti, na watu wakazitoa huku wakitazama chini, kana kwamba wao ndio walioziandika. Linet akabaki na nakala moja, akaigeuza upande wa nyuma usio na maandishi, akatoa kalamu mkobani.

"Anko Mokua. Kabla ya kuolewa, aliishi na wewe miaka kumi na nne. Sema ya kweli tu. Naandika."

Nikasema alizaliwa wakati wa mvua ya masika, na mama alikuwa akisema ndiyo sababu hakuogopa matope.

Akaandika.

Nikasema alitumia mkono wa kushoto, na baba alimchapa kwa hilo, lakini kwa jembe aliendelea.

Akaandika.

Nikasema alipiga mluzi, na msichana kwetu hapigi mluzi, kwa hiyo aliupiga akiwa peke yake kwenye shamba la pareto, nasi tulijua yuko wapi.

Ochoki alifunika macho kwa kofia.

Nikasema alipenda viazi vilivyoungua kidogo.

Linet aliandika hilo pia, akaweka nukta, akangoja. Kwaya ilingoja. Nilitafuta. Nilitafuta kichwani mwangu jina la rafiki yake, wimbo alioupenda, alichotaka kuwa, kitu kilichomchekesha, hata ugonjwa. Ya Ledi Marjeri Thornholt nayajua mpaka jina la farasi wake na siku alipong'olewa jino.

"La tano?" Linet akauliza.